Bata Asiyeruka

Mume wangu Punhal si mtu wa maneno. Mwulize jambo leo, jibu utalipata kesho, tena nusu. Basi mdomo wa nyumba nzima nikapewa mimi, na kama naongea sana mlaumuni yeye.

Alizaliwa ndani ya mashua, kwenye ziwa letu la Manchar, na mama yake husema alijua kuogelea kabla hajajua kuketi. Nchi kavu haiwezi. Mkimwona sokoni mtacheka, anatembea kapanua miguu utadhani barabara itampindukia. Lakini mtieni majini, jamani! Anaingia na maji hayatoi hata kiwimbi.

Kazi ya ukoo wao ilikuwa kukamata ndege. Wengine walikuwa na mitego, wengine nyavu, lakini kina Punhal walikuwa na kofia. Na kofia yenyewe ni ndege: ngozi nzima ya yangeyange, imejazwa majani makavu, shingo imesimamishwa kwa kijiti, chini pana kibao kinachokaa utosini na kamba inayofungwa kidevuni. Mwanamume anajipaka mafuta ya haradali kwa ajili ya baridi, anaingia majini mpaka kidevu, anatembea kwenye tope taratibu, na juu ya maji huoni kitu ila yangeyange anayejipitia zake. Kukuziwa, wale ndege weusi wa majini, hawamwogopi yangeyange. Mtu anafika katikati yao, anamshika mmoja miguu chini kwa chini, anamzamisha, na jirani yake hata hageuki. Punhal alikuwa akirudi na ndege kiuno kizima.

Hayo yalikuwa ya zamani. Maji yaliharibika, yakaingiwa na chumvi na uchafu wa mashamba ya juu, samaki wakafa, ndege wakapungua, na kuwakamata kukapigwa marufuku. Binamu yangu Sikilado alikutwa na kukuziwa wawili tu. Askari wa wanyamapori walimpiga mpaka mkono wa kulia ukavunjika, na mfupa ukaunga upande. Mpaka leo anakula kwa kushoto, na wageni wasiomjua wanamkunjia uso.

Aliyetuletea riziki nyingine ni Bi Nadira wa Karachi. Ni mjane, zamani alikuwa akisomesha hesabu, na kila baridi alikuja na darubini shingoni, na nyingine kubwa ya miguu mitatu, kutazama ndege wanaotoka nchi za barafu. Kutazama tu! Mwaka wa kwanza tuta zima lilimcheka, maana sisi sote tulikuwa tukifunga mashua zetu kwenye tuta moja na habari ya mmoja ni ya wote. Mama mkwe wangu aliniita pembeni.

"Huyo mwanamke anawala?"

"Hawali, mama."

"Anawauza?"

"Hauzi."

"Basi mwenzetu anaumwa. Mpikie uji."

Lakini alilipa vizuri na alikuwa na adabu, akala mkate wetu wa mchele bila kupekua pekua. Tatizo ni kwamba ndege walikuwa waoga. Mashua ikisogea tu, wote juu. Siku moja Punhal aliwatazama, akamtazama Bi Nadira anavyohangaika na madude yake, akavaa yangeyange wake, akaingia majini bila kumuaga mtu. Aliwazunguka wale ndege kwa nyuma akaanza kuwasogeza, kidogo kidogo, anasimama, anasogea, anasimama, mpaka kundi zima likapita mbele ya mashua yetu karibu kiasi cha kuwarushia makombo. Bi Nadira alilia kama aliyeletewa mtoto. Tangu siku ile ikawa ndiyo kazi yetu: mimi napiga upondo, bibi anatazama, mume wangu yumo majini na ndege kichwani.

Mwaka ule ninaousimulia, yangeyange aliliwa na nondo. Punhal akaokota bata bukini aliyekufa pembeni ya tuta, wa kijivu, mkubwa, na bila kuniambia neno akamchuna, akamjaza, akamshona. Macho akayatoa kwenye ushanga wa binti yetu Hajul. Alipomaliza, watu walitoka mashua zote kuja kumwona. Wallahi alikuwa mzuri. Ungemweka sokoni, mtu angeuliza bei na kumtafutia kisu.

Mimi nilimwangalia yule bata na moyo wangu ukakataa.

"Baba Hajul," nikamwambia, "nani katika dunia hii anapiga yangeyange risasi?"

"Hakuna."

"Kwa nini?"

"Nyama yake inanuka."

"Na bata bukini?"

 Akapuliza vumbi kwenye bawa.

"Nakuuliza wewe! Bata bukini, kila mwenye bunduki kuanzia hapa mpaka Karachi anamuota usingizini. Na wewe unataka kumweka juu ya kichwa chako uende naye ziwani msimu wa wawindaji?"

"Wawindaji wako upande wa mashariki," akasema. "Sisi tuko magharibi."

"Na wao wamefungwa kamba huko mashariki?"

Mama yake akaingilia, "Mwache mwanangu, mwanamke una maneno kama mvua." Nikamwacha. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa dawa.

Sasa niwaambie na huyo mwenye wawindaji. Aliitwa Sain Walidad, yaani Bwana Walidad. Mashamba yote nyuma ya tuta yalikuwa yake, na hata pale pasipokuwa pake, neno lilikuwa lake. Sisi tulifunga mashua tutani kwa sababu yeye hakusema tusifunge. Kila baridi alileta wageni wake kupiga ndege. Kibali alikuwa nacho, au hakuna aliyewahi kumuuliza. Na mtu wa kuwapigia upondo alimchukua kwetu. Mwaka ule alimchukua Arbab, mdogo wake Punhal, kijana ambaye mkewe alikuwa na mimba ya kwanza.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya Januari, ukungu umelala juu ya maji. Bi Nadira alikuwa na hamu ya ndege mmoja aliyemtafuta miaka: bata mdogo mwenye mdomo wa buluu, ambaye huja kwetu kwa nadra. Punhal aliwaona watatu jana yake, ng'ambo, kwenye matete ya mashariki.

"Mashariki!" nikasema.

"Tutarudi mapema," akajibu.

Bi Nadira alifurahi mno hata sikuwa na uso wa kukataa. Tukaenda. Punhal alijipaka mafuta, akafunga bata wake kidevuni fundo mara mbili, akateremka. Baridi ilikuwa ya kuuma mifupa. Ukungu ulipoanza kuinuka tulimwona mbali, bata bukini mmoja mtulivu anapita kati ya kukuziwa na bata wa kawaida, na nyuma ya matete, kweli, wako wale watatu wenye midomo ya buluu. Bi Nadira akanishika goti. "Sabhagi, mwanangu, wanakuja. Anawaleta!" Jicho lake halikutoka kwenye darubini.

Ndipo niliposikia madebe.

Kila mtu wa ziwani anaijua sauti ile. Ni mashua ya wapigaji, wanapiga madebe ili ndege wainuke na wenye bunduki wawapige wakiwa juu. Na mashua ya bunduki hutangulia kimya, inangoja. Nikageuza shingo, na nikaiona inatokeza kwenye ukungu upande wa pili wa Punhal. Watu watatu wenye makoti wameketi, Arbab amesimama nyuma na upondo. Mume wangu alikuwa kati yetu na wao.

Niliogopa. Sisemi kwa mafumbo, niliogopa mpaka mkojo ukanitoka. Bi Nadira akainua uso. "Nini?" 

Ndege wote wakainuka kwa mara moja. Mkisikia maelfu ya mabawa yanapiga maji mtadhani ni mvua ya mawe. Bunduki zikalia, nyingi, na ndege wakaanza kuanguka pa, pa, pa, majini. Bata wa midomo ya buluu sikuwaona tena. Kisha anga ikawa tupu, moshi ukabaki chini, na juu ya maji yale yote mapana kukawa na ndege mmoja tu ameketi.

Bata bukini. Hakuruka.

Ningeweza kueleza kila kilichokuwa kikipita kichwani mwa Punhal, kwa sababu nimelala pembeni yake miaka. Baba yake alimfunza kwa makofi: likitokea lolote, usitikisike. Ndege anayeshtuka ndiye anayetazamwa. Mwili wake ulishalijua hilo kuliko jina lake. Na akitaka kuzama, bata wa majani makavu hakubali kuzama, anaelea na kumvuta kichwa juu, kwa hiyo lazima kwanza afungue fundo, na fundo ni mara mbili, na vidole vimekufa kwa baridi. Na akisimama apige kelele kwamba ni mtu, basi ni mtu aliyekutwa majini na ndege kichwani, na mkono wa Sikilado tunauona kila siku tunapokula.

Maji hubeba sauti. Nilimsikia mmoja wa wageni, mnene mwenye koti la kijani, anasema wazi kabisa: "Yule pale! Amejeruhiwa, hawezi kuruka."

"Mmalizie basi," akasema mwingine. "Si vizuri kumwacha anateseka."

Nilifungua mdomo nipige kelele. Mimi, mwenye mdomo wa nyumba nzima! Hakikutoka kitu. Kilitoka kipumzi tu. Basi mikono ikafanya kazi ya mdomo. Nikauchimba upondo kwenye tope na kuisukuma mashua kwa nguvu zote, kuelekea kati ya bunduki na yule bata.

"Sabhagi, unakwenda wapi? Watatupiga!" Bi Nadira akalia.

"Lala chini, Bibi!"

Akalala chini juu ya darubini zake. Mimi siwezi kusukuma nimelala, nikabaki nimesimama. Nilimwona Arbab. Alikuwa akimtazama bata, kisha akanitazama mimi ninavyokuja mbio, na uso wake ukabadilika. Alikuwa hajawahi kumwona bata huyo kabla ya hapo, maana alikuwa kambini kwa Sain tangu msimu uanze. Lakini ni mtoto wa ukoo ule. Alijua ndege asiyeruka ni nini. Akausukuma upondo wake kwa upande, mashua yao ikayumba, na bunduki ikalia wakati huo huo.

Marisau, vile vichembe vya risasi, yalipita. Mengine yalipiga ubavu wa mashua yetu kama konzi ya kunde iliyotupwa bakulini. Mengine yalipiga maji, na bata akapinduka, akazama shingo, akaenda chini.

Hakuna kilichobaki juu ya maji. Niliacha kusukuma. Nilitazama mahali pale, maji ya kijani, povu kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe niliyaogopa maji. Nikawa nasema moyoni, Hidhri, bwana wa maji, huyu ni mtoto wako, nirudishie. Nirudishie hata akiwa kipofu. Nirudishie hata bila mikono, nitamlisha.

Bata akaibuka. Peke yake, ubavuni, na majani yanamtoka kifuani.

Wawindaji wakaja wakiwa na hasira. "We mwanamke una wazimu?" yule mnene akapiga kelele. "Ningekuua! Unataka kutuibia bata?" Arbab akapiga upondo polepole kuliko nilivyowahi kumwona, lakini mashua ilifika tu, ikagusana na yetu. Arbab alikaza macho kwenye upondo wake. Hakunitazama.

Na hapo, upande wa pili wa mashua yetu, upande wasioweza kuuona, vidole vinne vikashika ukingo. Vyeupe, vimekunjamana. Nikavua shuka langu nikaliangusha juu ya vidole vile, kama mtu anayeona joto, katika baridi ile! Chini ya shuka vidole vikatikisika kidogo. Yu hai. Ana jeraha au hana, sijui, lakini yu hai, na kadiri wanavyokaa hawa kupiga domo, baridi inammaliza.

Sain Walidad mwenyewe ndiye aliyemwokota bata. Akampima mkononi, akamgeuza, akacheka. "Lo! Majani. Tumepiga godoro." Kisha kicheko kikakatika, akaona kibao na kamba. "Hii ni kofia ya wakamataji. Yuko wapi mwenye kichwa?"

 Nilihisi mashua ikilemea upande ule kwa uzito wa mume wangu, nikasogea nikasimama upande mwingine kuisawazisha.

Bi Nadira akainuka. Maskini, nywele zimemtimka, magoti yana tope, lakini akasimama wima kama yuko mbele ya darasa. "Bata huyo ni wetu, bwana," akasema. "Hakamati ndege. Anatusaidia kuwatazama."

Sain ni mtu wa adabu kwa wanawake wa mjini. Akainamisha kichwa. "Bata wa majani anawasaidiaje, Bibi?"

Nilitamani nimzibe mdomo. Lakini alikuwa na hofu, na mtu mwema akiogopa husema kweli. Akaeleza yote: Punhal anavyoingia chini ya bata, anavyowazunguka ndege, anavyowaleta polepole mpaka mbele ya mashua bila hata mmoja kushtuka. Alisifu. Alisema hajaona ufundi kama ule popote. Alidhani wakielewa wataona haya.

Wageni walimsikiliza kwa makini sana.

"Anawaleta mpaka karibu?" akauliza mwenye koti la kijani.

"Karibu kabisa."

Yule mtu akamtazama Sain, Sain akamtazama yeye, wakatabasamu. "Mumeo yuko wapi sasa?" Sain akaniuliza mimi.

"Nyumbani, Sain. Ana homa."

"Basi homa ipone. Kesho asubuhi namtaka kambini. Atavaa bata wake, atakaa katikati ya ndege, awaletee wageni wangu ndege mbele ya bunduki." Akamrushia Arbab yule bata. "Mtunze huyu. Mwambie kaka yako asiogope, wageni wangu wana shabaha."

Wote wakacheka, isipokuwa Arbab. Wakaondoka. Bi Nadira, aliyedhani Punhal alishakimbilia matete, akaketi akashusha pumzi, akaniambia, "Alhamdulillahi, wameelewa."  Nilingoja mpaka ukungu uwameze, kisha nikatupa shuka, nikamshika Punhal kwapa. Vidole vyake havikuachia ukingo, ilibidi nivibandue kimoja kimoja. Alikuwa wa buluu mdomoni; baadaye aliniambia alijizamisha kwa nguvu na bata wake, akaing'oa kamba humo majini, akaja chini kwa chini mpaka kwetu. Chembe moja ya marisau ilikuwa imeingia chini ya ngozi ya paji la uso, na hadi leo iko, ukigusa inateleza. Bi Nadira alipomwona alielewa kwamba muda wote ule alikuwa akimsifia Sain mtu aliyejificha chini ya miguu yake. Alivua koti lake akamfunika, akalia mpaka tukafika.

"Umesikia?" nikamuuliza mume wangu.

"Nimesikia. Mbao zinapitisha sauti."

"Huendi."

"Mama Hajul, tuta ni la nani?"

"Huendi! Hata tuta likiwa la Firauni!"

Bi Nadira alisema atakwenda kwa wakubwa Karachi, ataandika, atapiga simu. Nilimwambia aende, na Mungu amlipe, lakini kesho iko karibu kuliko Karachi. Mashua yetu ya kuishi ilikuwa mbovu, haiwezi safari. Tukakubaliana tuiache. Tutoke alfajiri kwa miguu mpaka barabara kuu, twende kwa kaka yangu ziwa la Keenjhar. Bata bila mtu chini yake si kitu, nikamwambia, ni godoro, kama alivyosema mwenyewe. Watamngoja Punhal, watakasirika, watapiga ndege wao, wataondoka. Punhal hakusema ndiyo wala hapana. Mama mkwe alikataa kuondoka tutani; alisema yeye atawatukana wakija.

Tulikuwa tumeshatembea mbali, jua limetoka, Hajul amelala begani kwangu, na Punhal anajikokota na miguu yake ile ya mashua. Bunduki zikaanza kulia ziwani nyuma yetu. Nikasema, "Umeona? Wanawinda kama kawaida. Twende."

Punhal alisimama. Alisikiliza kwa shingo iliyopinda. Bunduki hazikulia zote pamoja kama ndege wakiinuka. Zililia moja, kimya, moja, kimya.

"Nani yuko chini yake?" akaniuliza.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Bata alibaki mikononi mwa Arbab. Na Arbab ni mtoto wa ukoo ule.

Punhal aligeuka akakimbia. Mtu ambaye hajui kutembea nchi kavu, alikimbia njia nzima, anaanguka, anainuka, mimi nyuma na mtoto analia begani. Kila bunduki ilipolia alitoa sauti kama anayepigwa yeye. Halafu zikanyamaza.

Tulikuta tuta zima limekusanyika. Arbab ameketi mbele ya moto wa mavi ya nyati, shuka tatu mabegani, meno yanagongana. Mkewe na mimba yake amepiga magoti anamsugua miguu. Bata yuko mapajani, hana kichwa. Punhal alimshika mdogo wake uso, akampapasa kichwa, masikio, shingo, anatafuta damu.

"Wamekupiga?"

"Hawakunipiga, kaka." Arbab hakuweza kuyashika maneno vizuri. "Walikuwa wanashindana. Nani atapiga karibu zaidi bila kunigusa. Ndege wenyewe hata hawakuwatazama."

 Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa na matusi ya kutosha ziwa zima, alikaa na mkono mdomoni.

"Kaka," Arbab akasema, "wamesema na kesho."

Punhal alimtoa bata mapajani mwa mdogo wake. Akamgeuza mara moja, akamsawazisha bawa kama alivyozoea, akamweka katikati ya moto. Manyoya yalishika haraka, moshi mweusi wenye harufu mbaya ukapanda juu ya tuta, na kambi ya Sain iko pale tu, wanaona. Watu wakarudi nyuma. Mzee mmoja akanong'ona, "Punhal, umetuua. Wakija kumdai tuwaambie nini?"

Mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alijibu swali mbele ya watu siku ile ile lilipoulizwa.

"Waambieni wavae wao wenyewe," akasema.

Kwa mbali, kambini, mtu alikuwa tayari amesimama anatazama moshi, mkono umekinga macho. Niliogopa kuliko jana, kwa sababu jana nilikuwa na mmoja wa kumuogopea. Nikamkabidhi mke wa Arbab mtoto wangu, nikashuka mbio kwenye mashua ya Arbab, ambayo bado ilikuwa nzima, nikaanza kufungua kamba ili tukimbie sote.